Sera ya makusanyo kwa makumbusho madogo ya Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya twayapata kutoka kwa watu wenye chumba cha vitu vya kale Mji wa Kale, Kisauni, Likoni, hata Kilifi na Kwale huko. Wengine ni vikundi vya kijamii, wengine ni maktaba za madrasa, wengine ni familia tu iliyojikuta na vitu vya babu na watu wakaanza kuja kutazama. Soma swali linalokuhusu, si lazma ufuate mpangilio.

Sera ya makusanyo ni nini hasa?

Ni karatasi inayosema nyinyi mwakusanya nini na nini hamkusanyi, kitu chaingiaje, nani aweza kusema ndiyo, kikishaingia kitatunzwa vipi, nani aruhusiwa kukigusa au kukiazima, na siku ikibidi kitoke kitatoka kwa njia gani. Kurasa sita saba zatosha. Wengi wadhani ni karatasi ya kumwonesha mfadhili ili atoe pesa, sawa, mfadhili ataiomba, lakini kazi yake kubwa hasa ni kuwapa nyinyi njia ya kukataa bila kugombana na mtu. Anakuja diwani, au mjomba, au rafiki wa mwenyekiti, anataka jambo lake lifanywe leo leo. Bila karatasi unabaki wewe na yeye mmekodoleana macho. Ukiwa nayo unamwambia bwana, si mimi, ndivyo bodi ilivyopitisha, hebu tuandike ombi lako tulipeleke.

Na mpango wa makusanyo? Na utaratibu? Si ni kitu kimoja?

Hapana. Sera yasema mnaamini nini na mnaruhusu nini, hiyo yadumu miaka, wengi huipitia upya kila baada ya miaka 5 hivi. Utaratibu ni hatua kwa hatua, fomu gani, namba yaandikwa wapi, funguo zakaa kwa nani, huo mwaweza kubadilisha hata mwezi ujao bila bodi kukaa. Mpango ni wa wakati: miaka mitatu ijayo twataka kujaza pengo gani, twataka kumaliza kuhesabu stoo lini, pesa zitatoka wapi. Mkivichanganya vyote kwenye faili moja mtakuwa mwaitisha kikao cha bodi kwa sababu ya aina ya kalamu.

Si twaeza kuchukua sera ya makumbusho makubwa tubadilishe jina?

Mwaweza kuisoma. Kuinakili hapana. Fort Jesus ina maabara yake ya uhifadhi, ina wataalamu wa mambo ya kale, na iko chini ya Makumbusho ya Taifa yenye sheria yake ya mwaka 2006. Nyinyi mna vyumba viwili na feni. Sera ikiahidi stoo yenye hewa iliyodhibitiwa saa 24 na hata stima hamna uhakika nayo, mmeandika uongo na mmeutia sahihi. Ila kuna kitu kimoja someni chote kabla hamjaanza, nao ni kanuni za maadili za ICOM, lile baraza la kimataifa la makumbusho. Zilipitishwa 1986, zikarekebishwa 2004, si ndefu, na nusu ya maswali yaliyo hapa chini zimeyagusa.

Mwanzo kabisa tuandike nini?

Upeo. Yaani mwakusanya nini, kutoka wapi, cha wakati gani. Watu wengi huandika "kuhifadhi utamaduni wa Waswahili" wakaridhika. Sasa hiyo ikoje? Chini ya maneno hayo chaingia kila kitu kuanzia kiti cha enzi hadi taipureta ya ofisi ya bandari, na mkishaingiza taipureta ya kwanza, ya tano iko njiani. Linganisha na hii: "vitu na kumbukumbu za ubaharia wa majahazi na uvuvi kati ya Mtwapa na Shimoni, karne ya 19 na 20, pamoja na sauti za manahodha na mafundi." Mtu akisoma hiyo ajua mara moja kwamba leso za bibi yake, japo nzuri, mahali pake si hapa, na nyinyi mwaweza kumwelekeza kwa wenzenu wanaokusanya nguo.

Halafu tajeni na vile hamkusanyi. Hilo huachwa kila mara na ndilo lenye faida. Mabaki ya binadamu, silaha zinazofanya kazi, pembe za ndovu, vitu vya ibada vilivyotolewa mahali pake, wanyama waliojazwa (wa zamani wengi walipakwa aseniki, sumu hiyo, usiruhusu watoto wawashikeshike).

Watu watuletea vitu kila siku na tukikataa waudhika. Tufanyeje?

Hapa ndo penye shida kubwa kuliko zote kwa hivyo tukae kidogo.

Kwanza kitu kisipokelewe mlangoni na askari au na kijana wa tiketi. Hii yaonekana ndogo lakini nenda stoo yoyote hapa Pwani uliza "hiki kilitoka wapi" utaambiwa "kuna mzee alikiacha". Mzee gani? Alikiacha kama zawadi au alikiweka amana akienda Maskati? Hakuna ajuaye. Weka fomu ya mapokezi, ukurasa mmoja, jina, simu, kitu gani, kiko katika hali gani, na mstari mmoja mkubwa unaosema kitu hiki kimepokelewa kwa muda ili kamati ikitazame, bado si mali ya makumbusho. Mwenye kitu aondoka na nakala.

Pili, kamati ikae. Watu watatu watosha, mmoja asiwe wa ndani. Wajibu maswali: chaingia kwenye upeo? Tunavyo vingapi vya namna hii? Twajua historia yake? Kiko salama, hakina bungua watakaohamia kwa vingine? Tuna pa kukiweka na pesa za kukitunza? Mwenye kukitoa ametia sharti? Sharti ndilo lauma zaidi, mtu aleta kasha la marehemu mamake ataka likae ukumbini daima na kibao chenye jina la familia na lisiguswe milele. Zawadi ya namna hiyo ni deni. Sera iseme wazi hampokei kitu chenye masharti ya maonyesho, mkishasema hivo hakuna wa kuona amebaguliwa.

Tatu, jibu kwa barua na kwa muda mlioahidi, mwezi mmoja ni uungwana. Na unapokataa usimwambie mtu kitu chake hakina thamani. Mwambie kinahitajika kwao, mwoneshe namna ya kukitunza nyumbani, mwombe ruhusa mpige picha na kurekodi habari yake. Mara nyingi ile habari ndiyo iliyokuwa na faida kuliko kasha lenyewe, na mtu aenda zake ameridhika.

Mtoa zawadi ametia sahihi, kisha ndugu zake wamekuja kudai. Nani ana haki?

Muulizeni kwanza: kile kitu kilikuwa chake peke yake? Hapa kwetu vitu vingi vya kale ni mirathi ambayo haijagawanywa. Baba amefariki, kasha, viti, sahani za kaure na vitabu vimebaki kwenye nyumba ya familia, na kwa sheria ya Kiislamu kila mrithi ana fungu lake, hata yule dada aliyeolewa Zanzibar. Ndugu mmoja kuja na gari na kukabidhi hakumfanyi kuwa mwenye mali. Fomu ya zawadi iwe na sehemu ya kutaja warithi na sahihi zao, au nakala ya hukumu ya Kadhi ikiwa mirathi ilipita huko. Kama ndugu wamekuja na hamkuchukua sahihi zao basi hali yenu ni dhaifu, kaeni nao mzungumze, msikimbilie wakili.

Ya pili ni wakfu. Fungua kitabu kurasa za mwanzo, hasa misahafu na vitabu vya fiqhi vya zamani, mara nyingi utakuta kimeandikwa kwamba ni wakfu wa msikiti fulani au wa wanafunzi wa mahali fulani. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakipewi mtu, hakirithiwi. Msimamizi wake hana ruhusa ya kuwazawadia nyinyi hata akiwa na nia safi kama nini. Linalowezekana ni kukiweka kama amana kwa makubaliano ya maandishi, umiliki ukibaki ulipokuwa, na nyinyi mkikitunza na kumwachia msomaji nafasi ya kusoma maana hilo ndilo alilokusudia mwenye kuweka wakfu.

Tumeletewa kigango. Tukiweke?

Hapana. Kigango ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu cha Wagiriama. Ukishasimamishwa haung'olewi, unaachwa mpaka uoze pale pale, na kuoza kwake si uzembe, ndivyo inavyotakiwa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vikaibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa 1985 kwenye boma moja vilipatikana kwenye makumbusho mawili ya huko, vikarudishwa kwa wenyewe 2007. Makumbusho ya Denver wakarudisha 30 mwaka 2019, na Illinois State Museum wakarudisha 37 mwaka 2023.

Sasa tazama shida iliyobaki: vingi vya vilivyorudi havijulikani viling'olewa boma lipi, kwa sababu walionunua hawakuuliza na waliopokea zawadi makumbushoni hawakuuliza. Vimerudi Kenya lakini nyumbani hasa hakupatikani. Hiyo ndiyo bei ya kupokea kitu bila karatasi.

Kwa hivyo akija mtu na kigango, usikinunue, usikifiche, na usimfukuze aende nacho kwa muuza vinyago wa pili. Andika alikopata, piga picha, piga simu Makumbusho ya Taifa na wazee wa upande huo. Vivyo hivyo kwa kitu chochote kutoka ndani ya kaya, yaani ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Mvuvi ametuletea kitu kutoka baharini, chuma au mtungi. Tukioshe?

Msikioshe wala msikikaushe. Kitu kilichokaa chumvini miaka mia mbili kikitolewa na kuachwa juani chumvi yakauka na kuvimba ndani yake, chuma chapasuka vipande, mtungi wamenyeka ngozi ya juu. Kiweke kwenye ndoo na maji yale yale ya bahari, kifunike, kisha mripoti. Sheria ya 2006 yamtaka mtu aliyevumbua kitu cha kale awajulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7 na aoneshe mahali penyewe.

Fort Jesus wana uzoefu wa mambo haya tangu ile meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Ilichimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake vingine mwaweza kuviona hapo ngomeni. Kazi ya kutoa chumvi kwenye mbao na chuma ni ya miezi na miaka, si ya ndoo na brashi ya viatu.

Na mvuvi mpeni ahsante yake na nauli, lakini msimnunulie. Mkinunua kimoja kesho vijana watapiga mbizi kutafuta kingine na pale mahali pataharibiwa.

Kuna duka lauza vitu vya kale bei nafuu, twaweza kununua?

Mwaweza, kama muuzaji aweza kuonesha kitu kilitoka kwa nani na kilipita mikono gani. "Kilitoka Lamu" si historia. Makumbusho mengi duniani hutumia mwaka 1970, ule wa mkataba wa UNESCO, kama mstari: kitu kilichotoka nchini mwake baada ya hapo bila karatasi halali hakipokelewi. Kwa Kenya kuna na mwaka 1895: kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya hapo chahesabika kuwa cha kale kisheria na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Andikeni yote mawili kwenye sera. Na andikeni kwamba mfanyakazi wala mjumbe wa bodi hafanyi biashara ya vitu vya namna ile mnayokusanya, tena hili lisiwe na mswalie Mtume.

Namba zaandikwaje?

Njia iliyozoeleka ni mwaka, kisha zawadi ya ngapi mwaka huo, kisha kitu cha ngapi ndani ya zawadi hiyo. Bi fulani ameleta leso nne na ni mtu wa tatu mwaka 2025, basi leso ya kwanza ni 2025.3.1, ya mwisho 2025.3.4. Namba haitumiki tena hata kitu kikipotea. Usitie herufi za maana maana, kama "N" ya nguo na "M" ya mbao, siku utakapopata kiti cha mbao chenye mto wa nguo utajua kwa nini.

Kuiandika kwenyewe ni kazi ya mkono mtulivu. Kitu kigumu, mfano bakuli la kaure au kinu cha shaba: chagua mahali pasipoonekana kikiwa maonyeshoni lakini pasipohitaji kukipindua pindua, chini karibu na ukingo, si katikati ya kitako ambapo pasuguliwa. Paka utando mwembamba wa Paraloid B-72 (ni gundi safi ya wahifadhi, yayeyuka kwa asetoni siku ukitaka kuitoa), ngoja ikauke, andika namba kwa wino mweusi na nibu nyembamba, ikauke, paka utando wa pili juu. Rangi ya kucha isitumike, yageuka njano na kubanduka. Nguo haiandikwi kabisa: chukua utepe wa pamba mweupe uliofuliwa, andika namba juu ya utepe, ushone kwa nyuzi mbili tatu tu kwenye pindo. Karatasi na picha ni penseli laini nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Stika, tepu, na felti peni visionekane stoo, vifungieni ofisini huko.

Tuna kompyuta, daftari la nini tena?

Kompyuta huibwa, hufa, na yule kijana aliyejua neno la siri huenda Doha. Daftari lililoshonwa (si la kuchomoa kurasa), wino usiofutika, mstari mmoja kwa kitu kimoja. Kisha Excel, nakala tatu, moja nje ya jengo. Picha za WhatsApp si kumbukumbu, zabanwa ubora na tarehe zapotea.

Na msidhani wakubwa wamevuka hapa. British Museum walitangaza Agosti 2023 kwamba vitu kama 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, vingi ni vya stoo ambavyo havikuwa vimeorodheshwa sawa sawa. Mkurugenzi akajiuzulu. Kitu kisicho kwenye orodha hata ukikiona sokoni huna cha kuthibitisha kuwa ni chako.

Unyevu wa Mombasa tutaushindaje bila eisii?

Hamtaushinda, mtaupunguza na kuutuliza. Ukungu huanza kushamiri hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo, na Mombasa hewa ya nje siku nyingi iko juu ya hapo, hasa masika ya Aprili na Mei kusi likianza. Kwa hivyo lengo lililoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya, asilimia 50, hapa ni ndoto na kulifukuza ni kutupa pesa.

Kinachoua zaidi ni kupanda na kushuka. Ofisi yawasha eisii saa mbili asubuhi yaizima saa kumi na moja jioni, usiku unyevu wapanda tena, mbao yavimba yasinyaa, yavimba yasinyaa, mpaka nakshi yapasuka na vipande vya pembe vilivyopachikwa vyachomoka. Kama hamuwezi kuiwasha usiku na mchana bora msiiwashe kabisa kwenye stoo. Tumieni feni iende polepole, hewa ikizunguka ukungu hauna raha. Rafu zisigusane na ukuta wa nje, acheni nafasi ya kupita mkono na zaidi. Kitu cha chini kabisa kiwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, maana mvua ya Mombasa yaingia mlangoni bila hodi.

Na ukuta wenyewe. Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene unaopumua, wanyonya unyevu na kuutoa. Akija fundi akipiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta ili "ipendeze", unyevu wafungiwa ndani na waanza kutoka upande wenu, rangi yatoa malengelenge na chumvi nyeupe yachipuka. Sera itaje kwamba ukarabati wowote wa jengo lenye makusanyo lazma upite kwa mtu wa makusanyo kwanza. Wengi hawaandiki hili kwa sababu wadhani jengo ni mambo ya fundi.

Nunueni vipima unyevu viwili vitatu, vile vidogo vya betri, andikeni namba asubuhi na jioni. Baada ya mwaka mtajua chumba gani ni kibaya mwezi gani, na hapo ndo mpango wenu utakuwa na msingi, si kukisia.

Mwanga nao: nguo, karatasi, picha zisipite luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na zipumzishwe, miezi kadhaa maonyeshoni kisha zirudi gizani. Kaure na mawe hayajali.

Bungua, mchwa, nondo, panya…

Kagueni kila mwezi kwa tochi, mkimulika kwa ubavu. Chini ya kasha mkiona kichungu cha unga laini kama poda, rangi ya mbao, na matundu madogo yenye kingo safi juu yake, bungua wako kazini sasa hivi. Fagieni, wekeni karatasi nyeupe chini, rudini baada ya wiki. Unga umerudi? Lifungeni kasha kwenye plastiki nzito litengwe.

Kwa nguo, vikapu na vitabu vidogo friza yasaidia sana: funga kwenye plastiki, toa hewa, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2 mfululizo, kisha kiache ndani ya plastiki mpaka kirudi joto la chumba ndo ufungue, la sivyo matone ya maji yatakilowesha juu. Usitie pembe, picha za kuchora, wala vitu vilivyopachikwa. Stima ikipotea siku nzima anza upya.

Karafuu na majani ya mwarobaini ni desturi nzuri nyumbani lakini makumbushoni acheni, yatia madoa na yakisagika ni uchafu mwengine. Vidonge vya nondo navyo ni sumu kwa wafanyakazi. Udi msifukize ndani ya chumba cha maonyesho, najua yapendeza, masizi yake yaganda kwenye nguo.

Glavu nyeupe ni lazima?

Kwa hati za karatasi mara nyingi hapana, mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora, glavu za pamba zanasa kingo za karatasi na kuzichana. Kwa metali na picha tumia za naitraili.

Misahafu ya kale ina utunzaji wa peke yake?

Ndiyo, na hapa msiige vitabu vya nje. Haikai rafu ya chini, haiwekwi chini ya vitu vingine, na wengi wa mtakaofanya nao kazi watataka anayeigusa awe na udhu. Andikeni hivyo kwenye utaratibu, haigharimu chochote na yajenga imani. Kurasa zilizochanika zikaanguka hazitupwi kwenye taka hata kipande, zakaa kwenye bahasha yenye namba ya msahafu wake. Mkitaka kujua za kutengwa kabisa zifanywe nini muulizeni maalim mnayemwamini kabla, si siku ya tukio. Na kwenye maonyesho msahafu usifunguliwe ukalazwa flati, tengenezeni kiti cha kuubeba, marufaa ya zamani ina hekima yake ila hakikisheni pembe yake haiuvunji mgongo.

Familia kubwa yataka kuazima kiti cha enzi kwa harusi. Na watu wa filamu wataka kasha.

Haya twayapata kila msimu wa harusi. Jibu latoka kwenye sera tena: mwaazimisha kwa nani na kwa kazi gani? Sisi twashauri muandike kwamba makusanyo yaazimishwa kwa taasisi, kwa maonyesho, elimu au utafiti, si kwa sherehe wala biashara. Kiti cha enzi kimefumwa kwa nyuzi, bwana harusi wa kilo 90 akikikalia mbele ya taa za video hamtakirudisha mlivyokitoa. Mkitaka kuwaridhisha, chongesheni nakala kwa fundi wa Lamu au hapa hapa, muikodishe, mtapata na pesa ya bajeti.

Kwa mkopo halali: barua ya ombi, mkataba wenye tarehe ya kurudi (hakuna mkopo wa kudumu, huo ni zawadi iliyoona haya), ripoti ya hali pamoja na picha kila upande kabla na baada, nani alipa bima na usafiri, nani apakia. Kikienda mwaka mzima nendeni mkakitazame kikiwa huko.

Twaweza kuuza baadhi ya vitu ili tulipe mishahara au tutengeneze paa?

Hapana, na kanuni za ICOM ziko wazi hapa: pesa ya kitu kilichoondolewa yarudi kwenye makusanyo tu, kununua au kutunza vingine. Mkishaanza kulipa stima kwa kuuza mkusanyo hakuna atakayewaletea zawadi tena, na atakuwa na haki.

Kuondoa kitu kwenye daftari kwaruhusiwa lakini kwa mwendo wa pole: sababu imeandikwa (kimeharibika kabisa, ni nakala ya tano, kiko nje ya upeo, kilipatikana kwa njia isiyo halali), umiliki umehakikishwa, bodi imepiga kura, mwenye kukitoa au watoto wake wameambiwa. Kwanza kipelekwe makumbusho mengine au madrasa au shule. Kuuza iwe ya mwisho kabisa na kwa mnada wa wazi. Kisiende kwa mfanyakazi, mjumbe wa bodi, wala jamaa zao, hata kwa bei kubwa. Daftarini mstari haufutwi, waandikwa tu kimetoka lini kwenda wapi.

Moto na mafuriko?

Makumbusho ya Taifa ya Brazil kule Rio iliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, ilikuwa na vitu kama milioni 20, na zimamoto walipofika mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Sasa fikiria vichochoro vyetu vya Mji wa Kale ambavyo vingine hata tuktuk haipiti. Msipange kana kwamba gari litafika mlangoni. Nendeni kituo cha zimamoto muwaalike waje watembee njia kwa miguu, wajue valvu iko wapi.

Ndani: waya za stima zikaguliwe, kuchaji simu stoo marufuku, mitungi ya kuzimia moto isiyokuwa ya maji kwa chumba cha hati. Chagueni vitu 10 vya kuokolewa kwanza, viwe karibu na mlango, orodha ibaki kwa watu wawili tu maana mwizi naye ataipenda. Kwa maji: taulo, karatasi nyeupe za kunyonya, ndoo, feni. Hati iliyolowa ikikaa saa 48 hivi kwenye joto letu ukungu umeshaingia, kama ni nyingi hamuwezi kuzikausha zote, tieni kwenye friza mkaushe kidogo kidogo. Ongeeni mapema na mtu wa samaki mwenye friza kubwa, msicheke, waliofanya hivo wameokoa maktaba.

Tupige picha vyote tuweke mtandaoni?

Si vyote. Vitu vya siri au vya ibada ulizeni wenyewe. Majina na simu za waliotoa zawadi zisitoke, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Na msioneshe namba ya rafu wala mlango wa stoo kwenye picha.

Hatuna pesa wala mtaalamu. Tuanzie wapi Jumatatu?

Fungeni mlango wa kupokea kwa miezi mitatu, bandikeni tangazo kabisa. Kisha ondoeni stoo kila kisichokuwa cha makusanyo: viti vibovu, mabango ya maonyesho ya zamani, makatoni, rangi. Stoo nyingi hapo tu zimepata nafasi robo. ICCROM, kile kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, walisema asilimia 60 hivi ya makusanyo ya dunia yaliyo stoo yako hatarini, na wana njia yao ya kupanga upya stoo kwa makumbusho madogo, yaitwa RE-ORG, vitabu vyake ni bure mtandaoni.

Baada ya hapo hesabuni. Watu wawili, mmoja asoma mmoja aandika, rafu moja kwa siku: namba kama ipo, ni nini, kiko wapi, picha moja ya simu. Visivyo na namba vipeni namba ya muda. Msisimame kufanya utafiti wa kila kitu, mtakwama rafu ya kwanza mkibishana bakuli ni la China au la Uajemi. Sera andikeni huku mkihesabu, kwa sababu kila tatizo mtakalokutana nalo rafuni ni kifungu. Rasimu ikiwa tayari ipelekeni kwa bodi, na nakala moja kwa wahifadhi wa Fort Jesus waitazame, ombeni miadi kwa barua.